Slaidi Zako Zote Nyekundu? Hesabu Sekunde

Juzi usiku dada mmoja aliye kwenye mafunzo ya vitendo huko Kasulu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kila nikipaka rangi ya Gram, bakteria wangu wote wanatoka wekundu. Msimamizi anasema sina mkono wa maabara." Niliusoma nimekaa barazani hapa Ujiji, nikaweka simu chini. Rangi ya Gram ndiyo inayowagawa bakteria makundi mawili chini ya hadubini: wengine zambarau, wengine wekundu. Hayo ya kukosa mkono nimeshaambiwa na mimi, tena kwa maneno mabaya zaidi.

Nilikuwa na miezi mitano kazini. Saa tisa alasiri ikaletwa sampuli ya maji ya uti wa mgongo ya mtoto, yana ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, na daktari kasimama mlangoni anasubiri. Nikapaka kiooni, nikakausha, nikapitisha juu ya taa ya spiriti mara tatu. Kristali vayoleti dakika moja, ayodini dakika moja. Mpaka hapo kila bakteria ni zambarau, awe wa aina gani. Nikashika chupa ya asetoni, kioevu cha kuondolea rangi. Daktari akaniuliza kitu, nikamgeukia nikamjibu, na muda wote huo asetoni inatiririka kiooni. Nikasuuza, nikamalizia na safranini, rangi nyekundu, nikaenda kwenye hadubini. Vidoa vya pinki, viwili viwili. Nikaandika Gram hasi, yaani kundi la wekundu, nikatia sahihi.

Kesho yake mkuu wangu akaandaa kioo kingine kutoka sampuli ileile. Walikuwa wawili wawili vilevile, ila zambarau tupu, wamechongoka kidogo nchani. Nimokoki, bakteria Gram chanya, kundi la zambarau. Mimi majibu yangu yalikuwa yanaelekeza kwenye meningokoki, bakteria mwingine wa uti wa mgongo, aliye Gram hasi. Akaniita mbele ya wanafunzi, akanishika bega nichungulie, kisha akasema, "Huyu ni mpishi wa rangi." Wakacheka. Mtoto alikuwa tayari anachomwa seftriaksoni, dawa inayowapiga wote wawili, kwa hiyo yeye hakudhurika. Mimi nilidhurika. Kuna mmoja wa wanafunzi wale, tukikutana soko la Mwanga hadi leo ananiita Mpishi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini asetoni inataka heshima. Chuoni tulikariri mfuatano wa chupa kama shairi. Sasa sikiliza. Bakteria Gram chanya ana ukuta mnene. Kristali vayoleti ikikutana na ayodini zinashikana na kuwa bonge, na bonge hilo linanasa ndani ya ukuta. Gram hasi ana ukuta mwembamba na juu yake utando wenye mafuta. Asetoni inauvuruga utando, rangi inatoka, ndipo safranini inapompa wekundu wake. Lakini ukiiachia asetoni iendelee, hata yule wa ukuta mnene ataachia. Sekunde mbili au tatu zinatosha. Alkoholi, wanayoitumia wengine badala yake, ina subira zaidi, asetoni haina. Kwa hiyo dada, mkono wako ni mzima. Hesabu sekunde. Hesabu kwa sauti, na mtu akikusemesha mwache asubiri, hata akiwa daktari.

Na bakteria waliolala kwenye sahani ya kuoteshea siku kadhaa usiwaamini. Gram chanya akizeeka ukuta unachoka, anatoka mwekundu bila kosa lako. Tumia walioota jana.

Hans Christian Gram mwenyewe, daktari wa Denmaki, alikuwa Berlin mwaka 1884 akitafuta bakteria kwenye mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alipochapisha njia yake alikiri kuwa ina kasoro. Rangi ile nyekundu ya mwisho wala si yake, iliongezwa na wengine baadaye. Mkuu wangu, nadhani, alizaliwa akiijua yote.

Rangi ya kifua kikuu, ile ya Ziehl-Neelsen, mimi niliielewa jikoni kwa mama. Sisi wa Kigoma tumelelewa na mawese, na kila mtu hapa ana shati alilolipoteza kwa tone moja. Kimelea cha kifua kikuu kimejifunika nta. Fuksini, rangi nyekundu ya njia hiyo, ukiimwaga ikiwa baridi haiingii vizuri. Unaipasha mpaka itoe mvuke, isichemke, nta inalegea na rangi inapenya. Ikishapenya, hata asidi haiitoi. Koti langu la maabara lina doa la fuksini kwenye mkono wa kulia na la mawese mfukoni, na yote mawili yamemshinda mke wangu.

Siku hizi kuna auramini, rangi nyingine ya kifua kikuu, haihitaji moto, na chini ya taa ya LED vimelea vinang'aa manjano kwenye giza. Unatumia ukuzaji mdogo zaidi, kwa hiyo unamaliza kioo mapema. Lakini kwa fuksini, ndugu zangu, maeneo 100 ya kuchungulia kwenye kioo ni maeneo 100. Anayeangalia ishirini akaandika hasi anamwibia mgonjwa. Narudia, anamwibia. Kuna watu wana vimelea vitatu tu katika maeneo yote mia, na wanapanda daladala moja na wewe.

Mwezi huu tumerudishiwa majibu ya slaidi kumi za fumbo tulizoletewa kutupima. Nilizisoma mimi. Kumi kwa kumi. Karatasi nimeibandika ukutani, usawa wa macho, na siombi radhi.

Dada wa Kasulu nilimpa kazi moja. Maabara yao haina bakteria wa kulinganishia, basi nikamwambia achukue kijiti cha meno safi, akwangue kwenye ufizi wake, apake pembeni ya sampuli kwenye kioo hichohicho. Mdomoni mna chanya na hasi, wote wanapaswa kuonekana. Zambarau ikikosekana, sampuli asiisome kabisa, arudie na kioo kipya.

Jana jioni alinitumia picha aliyoipiga kwa simu kupitia lenzi ya hadubini, imetetemeka, kona moja nyeusi. Katikati kuna kishada cha zambarau, na pembeni yake vijiti vyekundu. Chini ameandika: "Sekunde tatu, kaka. Nilihesabu kwa Kiha."