Kuchagua krenki ya injini ya tabo ya mizunguko ya juu: ushauri kwa fundi anayeanza

Fundi anayeanza kujenga injini ya tabo (ile inayosukumiwa hewa kwa feni inayozungushwa na moshi wake) kwa kawaida hutanguliza swali moja: je, ninunue krenki (shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) ya chuma cha kufuliwa au ile iliyochongwa kutoka gogo zima la chuma? Swali hilo lina nafasi yake, ila huulizwa mapema mno. Kabla ya kujua chuma gani kinafaa, inakupasa ujue injini itazungushwa hadi wapi, itakaa huko kwa muda gani, na itakuwa imebeba presha kiasi gani wakati huo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua stroki, yaani urefu wa mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini, na stroki ikishaamuliwa, sehemu kubwa ya uchaguzi wa krenki huwa imekwisha kufanyika.

Mfano wangu mkuu utakuwa injini za Subaru za familia ya EJ, kwa sababu ndizo ambazo kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ana uwezekano mkubwa wa kuletewa mezani, iwe ni ya gari la mashindano au ya gari la kila siku, na kwa sababu vipuri vyake vilivyotumika hupatikana Kirinyaga Road, Kisekka na Gerezani. Injini za Nissan, Mitsubishi na Toyota nitazigusa pale zinapofundisha jambo ambalo EJ hailifundishi.

EJ20 ina silinda za kipenyo cha milimita 92 na stroki ya milimita 75, jambo linaloipa ujazo wa sentimita za ujazo 1,994. EJ25 ya tabo ina silinda za milimita 99.5 na stroki ya milimita 79, na ujazo wake ni 2,457. EJ207, ile iliyofungwa kwenye STI (Subaru Impreza za kimashindano) za soko la Japani, iliruhusiwa na kiwanda kufika mizunguko 8,000 kwa dakika, ilhali EJ25 ya tabo iliwekewa mpaka wa karibu 7,000. Wengi huona tofauti hiyo na kuhitimisha kwamba milimita nne za stroki ndizo zilizoleta yote. Hesabu inasema vingine.

Kasi ya wastani ya pistoni hupatikana kwa kuzidisha stroki mara mbili, kisha mara idadi ya mizunguko kwa dakika, na kugawanya kwa 60. Kwa mizunguko 8,000, stroki ya milimita 75 inatoa mita 20 kwa sekunde, na ile ya milimita 79 inatoa mita 21.1. Honda F20C, iliyofungwa kwenye S2000 ikiwa na stroki ya milimita 84, iliruhusiwa kufika 9,000, sawa na mita 25.2 kwa sekunde, na iliuzwa na kiwanda kwa wateja wa kawaida. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba krenki ya milimita 79 haiwezi kuzungushwa juu kwa sababu tu pistoni inakwenda mbio. Kinachoumiza ni kani ya kuisimamisha pistoni pale juu na kuigeuza irudi chini, nayo hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Ukitoka 7,000 hadi 8,000, kani hiyo inaongezeka kwa takriban asilimia 31. Ukifika 8,500, imeongezeka kwa asilimia 47. Kuhama kutoka stroki ya 75 kwenda 79, kwa konrodi ileile (mkono unaounganisha pistoni na krenki), kunaongeza asilimia 6 au 7 tu. Jambo hili lishike sana, kwa maana mteja anayekuomba umwongezee mizunguko 500 anaomba kitu kizito zaidi kuliko yule anayeomba stroki ndefu kidogo.

Baada ya mizunguko, mtuhumiwa mkubwa ni uzito wa pistoni. Kwenye EJ20 inayozunguka mara 8,000 kwa dakika, kila gramu 100 za pistoni na pini yake huivuta konrodi, pale pistoni inapogeuka juu, kwa kani inayokaribia uzito wa kilo 345. Pistoni ya milimita 99.5 kwa kawaida ni nzito kuliko ya milimita 92 iliyoundwa kwa namna ileile, na hapo ndipo EJ20 inapopata sehemu kubwa ya utulivu wake kwenye mizunguko ya juu. Kwa sababu hiyo, ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu kipya, mara nyingi pistoni na konrodi nyepesi na imara zitailinda krenki yako ya kiwanda kuliko krenki mpya ya bei kubwa iliyobebeshwa pistoni nzito.

Presha ya tabo nayo inaisukuma krenki, lakini kwa upande mwingine na kwa wakati mwingine. Moto unapowaka, gesi huisukuma pistoni chini na kuikandamiza beringi ya konrodi (ganda laini linaloikumbatia krenki) upande wa juu, ule ulio karibu na pistoni. Wakati wa kutoa moshi hakuna gesi ya kuizuia pistoni, kwa hiyo mzigo wote wa kuigeuza hubebwa na kofia ya konrodi na bolti zake. Fundi mwenye macho anapofungua injini iliyoharibika huanza kwa kutazama ni nusu ipi ya beringi imekwanguka. Nusu ya juu ikiwa imechakaa, shuku presha kubwa kwenye mizunguko ya chini au mafuta yanayolipuka kabla ya wakati wake. Nusu ya kofia ikiwa ndiyo iliyoumia, shuku mizunguko iliyopita kiasi. Dereva anayekanyaga hadi mwisho akiwa gia ya tano kwenye mizunguko 2,500 anaweza kuichosha krenki kuliko yule anayeipeleka 8,000 kwa muda mfupi.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe, 75 au 79. Stroki ndefu inaongeza ujazo, na ujazo unaiamsha tabo mapema. Hilo lina maana kubwa kwa anayejenga gari la Nairobi, ambako mwinuko wa karibu mita 1,700 unafanya hewa iwe na presha pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, na tabo kubwa inachelewa kuamka kuliko inavyoelezwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Kwa gari la barabarani na la mashindano ya vumbi, ambako nguvu inahitajika kati ya mizunguko 3,500 na 7,000, mimi ningechagua krenki ya milimita 79 bila kusita. Kwa gari la mbio za mzunguko au za kasi ya moja kwa moja, lenye tabo kubwa inayofanya kazi yake juu ya 6,000, stroki ya 75 ni chaguo bora, na wapo wanaoifunga krenki hiyo ndani ya bloku ya EJ25 ili kupata ujazo wa takriban sentimita za ujazo 2,330 na injini inayopenda kuzunguka.

Anayefuata njia hiyo asisahau pistoni. Stroki ikipungua kwa milimita 4, pistoni inaishia milimita 2 chini ya pale ilipokuwa ikifika, nusu ya tofauti. Kwenye silinda ya milimita 99.5, milimita 2 hizo ni nafasi ya zaidi ya sentimita za ujazo 15 iliyobaki juu ya pistoni, na mgandamizo wa injini unashuka vibaya. Ni lazima ununue pistoni ambazo pini yake imeshushwa kwa kiasi hicho, au konrodi ndefu kwa kiasi hicho. Nimeona injini imefungwa vizuri kila mahali isipokuwa hapo, na mwenye gari akazunguka kwa mafundi wengi akitafuta nguvu zake kwenye kompyuta.

Kuhusu chuma, mambo ni mepesi kuliko yanavyosemwa madukani. Krenki ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu haina nafasi kwenye kazi hii. Krenki ya kufuliwa, ambayo ndiyo iliyotoka kiwandani kwenye EJ za tabo, kwenye 2JZ-GTE ya Toyota na kwenye RB26 ya Nissan, inatosha kwa sehemu kubwa ya injini utakazojenga katika miaka yako ya mwanzo. Krenki iliyochongwa kutoka gogo la chuma cha aina ya 4340 au EN40B ina faida mbili za kweli: unaweza kuagiza stroki ambayo kiwanda hakikuitengeneza, na mtengenezaji anaweza kupanga vizani vyake (uzito wa kusawazisha krenki) na njia za oili anavyotaka. Haifanyi injini iliyojengwa ovyo kuwa imara. Muuzaji anayekuonyesha mng’ao wa krenki lakini hawezi kukuambia aina ya chuma, jinsi sehemu ya nje ilivyofanywa ngumu na kipenyo cha kona za jonali, usimpe fedha za mteja.

Kona hizo ndizo mahali ambapo krenki nyingi hukatikia. Jonali ni zile sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi. Kwenye EJ, za meni (zile zinazoishika krenki ndani ya bloku) zina milimita 60 na za konrodi milimita 52. Pale jonali inapokutana na ukuta wa krenki panapaswa kuwa na mkunjo laini, si pembe kali, kwa sababu ufa huzaliwa kwenye pembe. Krenki nyingi za injini za nguvu pia zimetiwa naitrojeni kwa joto ili uso wake uwe mgumu na usichoke haraka, lakini tabaka hilo ni jembamba. Krenki ikichongwa kwenda andasaizi ya 0.25, yaani kipenyo kikipunguzwa milimita 0.25, kila upande umeondolewa milimita 0.125, na sehemu nzuri ya ugumu ule huenda imeondoka nayo. Na mchongaji asiyejali akitumia jiwe lenye kona kali, ameondoa na ule mkunjo pia. Kwa injini ya tabo inayozungushwa juu, msimamo wangu ni krenki ya standadi. Ikiwa hakuna budi kuichonga, basi mkunjo ubaki kama ulivyokuwa na krenki irudishwe kutiwa naitrojeni baada ya kuchongwa, na baada ya hapo ipimwe tena unyoofu wake, maana joto huipinda.

Krenki iliyotumika, ambayo ndiyo wengi wetu hununua, inahitaji subira. Ioshe kwanza, ukipitisha brashi kwenye kila tundu la oili, kwa sababu vumbi la beringi la injini iliyokufa hujificha humo na litaua beringi mpya siku ya kwanza. Pima kila jonali kwa maikromita mahali pawili kwa mzunguko na mahali pawili kwa urefu, ili ujue kama imekuwa yai au imekuwa nyembamba upande mmoja. Ilaze juu ya vigingi vya umbo la V, weka daili geji kwenye jonali ya katikati, na uizungushe taratibu uone imepinda kiasi gani, kisha ulinganishe na kitabu cha huduma cha injini hiyo. Mwisho ipeleke ikapimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Krenki iliyotoka kwenye injini iliyogonga inaweza kuonekana safi machoni na bado ikawa na ufa, au jonali yake ikawa imeungua hadi ikabadilika rangi kuwa ya bluu. Hiyo ya bluu irudishe dukani bila mjadala.

Hakikisha pia kwamba krenki na bloku vinatambuana. EJ za mwanzo zina beringi ya trasti, ile inayozuia krenki isiende mbele na nyuma, kwenye nafasi ya tatu. Za baadaye zina trasti kwenye nafasi ya tano. Mitsubishi 4G63 za bolti saba za flaiwili, hasa zilizouzwa Marekani kwenye Eclipse za miaka ya 1990, zilipata sifa mbaya ya kula trasti mpaka krenki ikaanza kutembea. Klachi nzito huongeza mzigo huohuo kila unapoikanyaga, kwa hiyo unapochagua krenki, uliza na klachi gani itafungwa. Kwenye RB26 za R32 za mwanzo, sehemu ya krenki inayoishika pampu ya oili ilikuwa fupi, na injini ikigongana na mpaka wa mizunguko mara kwa mara, gia za pampu huvunjika. Nissan ilirefusha sehemu hiyo baadaye, na mafundi huvalisha kola pana kwenye zile za zamani. Krenki ndefu za silinda sita kwenye mstari hujisokota zaidi ya zile fupi za EJ, na ndiyo sababu kwenye RB na 2JZ hupaswi kuondoa dampa ya mbele (puli yenye mpira inayotuliza msokoto huo) na kuweka puli nyepesi isiyo na mpira.

EJ nayo ina udhaifu wake wa umbo. Kwa kuwa meni tano na pini nne zimebanwa ndani ya urefu mfupi, beringi zake ni nyembamba, na oili haina nafasi ya kukosea. Angalia kwamba njia za oili ndani ya krenki zinakwenda moja kwa moja kutoka meni hadi konrodi. Zile zinazovuka katikati ya jonali hulazimisha oili kupambana na mzunguko wa krenki yenyewe, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo konrodi inavyonyimwa. Kwa nafasi kati ya jonali na beringi, mafundi wengi huanzia sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani karibu milimita 0.05 kwa konrodi na 0.06 kwa meni, kisha huchagua uzito wa oili kulingana na hapo. Nafasi hiyo ipimwe kwa maikromita na geji ya ndani, bolti zikiwa zimekazwa kwa kipimo chake. Plastigeji, ule uzi laini unaobonyezwa ili kupima nafasi, iwe ya kuhakikisha tu.

Krenki, flaiwili, puli ya mbele na sahani ya mgandamizo ya klachi (ile inayofungwa kwenye flaiwili) vipelekwe pamoja kusawazishwa, kwanza krenki peke yake, kisha kila kimoja kikiongezwa, ili siku klachi itakapobadilishwa usawa usipotee. Andika vipimo vyote kwenye karatasi ya injini hiyo na mpaka wa mizunguko uliokubaliana na mteja, kisha uweke mpaka huo kwenye kompyuta kabla gari halijatoka karakana.