Barua kwa Mwenye Nyumba: Namna Ninavyopata Nyumba za Kuuza Nairobi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeanza kazi ya uwakala wa nyumba hapa Nairobi aliniandikia akilalamika kwamba nyumba zote anazopata za kuuza huzitoa kwenye makundi ya WhatsApp. Kila anapofuatilia moja, hukuta kati yake na mwenye nyumba wamepanga foleni madalali wanne au watano, kila mmoja akiwa ameongeza cha juu chake, hata bei inayomfikia mnunuzi haifanani tena na ile aliyoitaja mwenye mali. Akaniuliza mimi huwafikiaje wenye nyumba wenyewe. Nilimjibu kwamba huwaandikia barua, za karatasi, ndani ya bahasha. Alinirudishia vikatuni vya kucheka. Sikukasirika, kwa kuwa nimekwisha kuchekwa na watu wazito kuliko yeye, lakini nilimwahidi jibu refu, na jibu lenyewe ni hili.

Anayetaka kuelewa kwa nini barua hufaa Nairobi na azunguke tu mitaani aone kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti hii haiuzwi. Mwenye mali katika jiji hili anaishi na hofu ya nyumba yake kuuzwa pasipo yeye kujua. Akipigiwa simu na sauti asiyoitambua ikimwuliza kama angependa kuuza, hujiuliza kwanza ni nani aliyetoa namba yake, kisha hukata. Barua haimharakishi. Huisoma akiwa ameketi, akaiweka juu ya kabati, akamwonyesha mwanawe, akamwuliza wakili wake, akahakikisha kwamba jina lililo chini lina ofisi na namba ya usajili, na akiisha kuridhika ndipo hupiga simu yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo amekwisha kukuchunguza kabla hujamsikia, na mazungumzo yenu huanzia mahali ambapo dalali wa WhatsApp hafiki hata baada ya mwezi mzima.

Desturi hii nimeisoma kwa Wamarekani, ambako mawakala na wanunuzi wa nyumba huitegemea sana. Huko mleta barua hupita nyumba kwa nyumba, na tangu mwaka 2011 shirika lao la posta lina mpango unaomruhusu mfanyabiashara kupeleka tangazo lake katika kila anwani ya njia fulani bila kuandika jina la mtu yeyote. Atakayeuiga mpango huo hapa kama ulivyo atapoteza fedha zake. Kwetu barua haiji mlangoni, huenda kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la mwajiri ambaye mwenye nyumba alistaafu kwake zamani, au la shule ya kijijini kwao, au lilikwisha kufungwa kwa kutolipiwa. Kwa sababu hiyo sipeleki barua kwa mtaa mzima. Ninamwandikia mtu mmoja, kwa jina lake, kuhusu nyumba yake.

Nilianza nikiwa nimeajiriwa katika kampuni ya uwakala ambayo sitaitaja. Mkubwa wangu aliisoma barua yangu ya kwanza kwa sauti mbele ya wenzangu katika mkutano wa Jumatatu, akauliza kama nilikuwa ninawaandikia wenye nyumba au marehemu babu zao. Watu wakacheka, nami nikacheka nao kama inavyompasa mwajiriwa. Miezi michache baadaye mstaafu mmoja wa Otiende, kule Lang'ata, alipiga simu ofisini akiwa na barua ile mkononi na kuniulizia kwa jina. Nyumba ikauzwa. Kamisheni ikaingia katika kampuni, na sehemu yangu nikaambiwa haipo, kwa hoja kwamba karatasi ilikuwa ya kampuni na mteja alipiga simu ya kampuni. Stempu nilikuwa nimenunua mimi. Leo ninaweza kulisimulia jambo hili bila kupandisha sauti, ila bado sijafika mahali pa kulishukuru. Kijana, kabla hujaandika barua hata moja chini ya jina la mwajiri, mwombe akuandikie mtakavyogawana, na asipotaka kuandika, basi umekwisha kupata jibu lake.

Chagua mtaa mmoja au miwili tu. Mimi sihangaiki na Kilimani wala Kileleshwa, ambako nyumba za zamani zenye bustani kubwa zinabomolewa kupisha maghorofa, na mwenye ploti aliyebaki amechoshwa na wajenzi wanaombembeleza. Ninapendelea mitaa kama Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye mishahara ya kawaida. Wengi wa walionunua mwanzoni sasa ni wazee, watoto wameondoka, na ngazi za kupandia vyumbani zimekuwa adui wa magoti. Huko kuna watu wanaotaka kuuza ambao hawajamwambia mtu yeyote, hata watoto wao.

Chanzo changu kikuu cha majina ni Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa na kupatikana bure mtandaoni. Wengi hulifungua wakitafuta ni nani ameteuliwa wapi, nami huanzia kwenye matangazo ya ardhi na ya mirathi. Hati ya umiliki ikiripotiwa kupotea, msajili hutangaza jina la mwenye mali, anwani yake na namba ya ploti, kisha hutoa siku 60 kwa yeyote mwenye pingamizi kabla ya kutoa hati nyingine. Mtu anayehangaikia hati iliyopotea huenda anatafuta mkopo au anapanga urithi wa watoto, lakini wapo pia wanaojiandaa kuuza, na barua yenye adabu haimdhuru yeyote kati yao.

Mwaka mmoja niliona tangazo la ploti iliyokuwa katika mtaa ninaoujua sana. Niliwahi kuuza nyumba ya jirani yake, na namba za ploti hizo zilifuatana, kwa hiyo nililijua hata geti lenyewe. Sanduku la posta lililotajwa lilikuwa la mji mwingine, jambo ambalo halikunishtua, maana watu huhama. Nilituma barua huko, na kwa kuwa desturi yangu ni kupeleka nakala nyumbani kwenyewe, nyingine nikaiacha getini. Haikupita siku nyingi simu ikaita. Alikuwa mama mzee mwenye sauti ya mwalimu wa zamani.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba hati yangu imepotea?"

"Ndiyo, mama. Nimeona tangazo katika Gazeti Rasmi."

"Hati yangu haijapotea, mwanangu. Iko hapa mezani, nimeitoa sandukuni sasa hivi. Ni nani amesema imepotea?"

Nilimpelekea nakala ya tangazo siku iliyofuata, na wakili wake akawasilisha pingamizi kwa msajili kabla ya zile siku 60 kwisha. Hati nyingine haikutolewa. Aliyekuwa nyuma ya ombi lile sikumjua wala sikutamani kumjua. Mama yule hakuniuzia chochote wakati huo, nami sikumwuliza. Zaidi ya miaka miwili baadaye, alipoamua kwenda kukaa na binti yake, aliita wakala mmoja tu, na kabla nyumba haijauzwa alikuwa amekwisha kunitaja kwa wenzake wote wa kanisani. Nyumba nilizouza katika mtaa ule tangu hapo zina mizizi katika bahasha ile moja, na ninalisema hili kwa majivuno kamili.

Matangazo ya mirathi yanataka moyo wa utu zaidi. Hapo hutajwa jina la marehemu, jina la anayeomba kusimamia mali yake, na kwa kawaida anwani ya wakili, pamoja na muda wa siku 30 wa pingamizi. Nimewaona mawakala wanaokimbilia familia ikiwa bado na turubai la matanga uani. Tuache kwanza aibu yake, kwa sababu hata sheria inawakatalia. Chini ya Sheria ya Urithi, anayegusa mali ya marehemu bila mamlaka ametenda kosa, na hata msimamizi aliyekwisha kupewa barua za usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali hiyo, haruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba kabla mahakama haijazithibitisha, uthibitisho ambao kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6. Anayeandika wiki ya mazishi anaomba kuuziwa kitu ambacho hakuna mwenye uwezo wa kukiuza. Mimi huweka tarehe katika daftari, nikasubiri zaidi ya nusu mwaka, kisha nikamwandikia msimamizi kupitia kwa wakili wake, nikianza kwa pole. Mawakili hunijibu, kwa sababu barua ninayowaletea haiwatii aibu mbele ya mteja wao.

Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja, na jina juu ya bahasha ninaliandika kwa mkono. Maneno yangu hukaribia haya: "Mimi ni wakala niliyesajiliwa na nimewahi kuuza nyumba katika mtaa wako. Sijui kama una nia ya kuuza, na kama huna, barua hii haikudai chochote. Ikiwa siku moja wewe na familia yako mtalifikiria jambo hilo, nitafurahi kuja kukueleza nyumba za mtaani zinauzwa kwa kiasi gani na gharama zitakazokuangukia, bila malipo." Siandiki kwamba nina mnunuzi mwenye fedha taslimu anayesubiri. Kila dalali wa Nairobi ana mnunuzi huyo, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumwona. Wala sitaji bei, kwa sababu bei iliyotajwa kabla ya kuiona nyumba ni uongo hata ikitokea kuwa sahihi.

Nyuma ya karatasi ninaeleza gharama za kuuza. Ninaeleza kwamba kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 tangu tarehe 1 Januari 2023, baada ya miaka kadhaa ya asilimia 5, kwamba mtu aliyekaa mwenyewe katika nyumba yake mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha anaweza kusamehewa, kwamba ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini ni wa mnunuzi, na kwamba kaunti itataka malimbikizo ya kodi ya ardhi yalipwe kabla ya kutoa cheti cha kutodaiwa. Ukurasa huu wa nyuma umeniletea simu nyingi kuliko ule wa mbele. Mzee mmoja alikuwa ameahirisha kuuza kwa sababu mtu alimwambia serikali itachukua asilimia 15 ya bei yote, wakati kodi hiyo hutozwa kwenye faida, naye alikuwa hajawahi kuhama nyumba ile tangu ainunue.

Kuhusu kuifikisha: posta halisi ya Nairobi ni askari wa getini. Msalimie, andika jina lako kitabuni, mweleze bahasha ina nini na umwachie namba yako. Usimpe noti ili akupendelee, maana kesho mwingine atampa zaidi na bahasha yako itaishia kwenye pipa. Penye chama cha wakaazi, zungumza kwanza na katibu wake.

Kisha rudia. Barua ya kwanza mara nyingi haijibiwi, na vijana wengi hukomea hapo wakisema njia hii imekufa. Mimi huandika tena baada ya miezi kadhaa, nikibadilisha maneno na kuongeza habari mpya ya mtaa, na watu hunipigia wakiwa wameziweka zote pamoja. Asiye na subira ya mwaka mzima na arudi kwenye makundi ya WhatsApp, na asiwalaumu wanaoongeza cha juu.

Jambo la sheria vijana hulipuuza, nami sitalipuuza. Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, inakataza kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi, kwa hiyo namba yako ya usajili iwe juu ya kila barua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubali taarifa zinazotoka katika rekodi ya umma, ila haikupi ruhusa ya kumsumbua mtu kibiashara. Usinunue majina na namba za simu kutoka kwa karani wa benki au wa chama cha akiba. Mweleze mtu ulikolipata jina lake, na chini ya kila barua mwambie namna ya kukuzuia usimwandikie tena. Akikuzuia, koma, hata kama nyumba yake ni nzuri kiasi gani.

Simu ikiita, usiende na kamera. Nenda na cheti chako cha usajili, uombe nakala ya hati, na ufanye upekuzi wa umiliki kupitia Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa rekodi za ardhi uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia na Nairobi. Hakikisha kila jina lililo kwenye hati lina mtu hai anayekubali, na kama ni nyumba ya ndoa, basi mwenzake aridhie, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nawe uipate ridhaa hiyo kwa maandishi. Ndipo mkubaliane kwa sahihi muda wa kuiuza na kamisheni yako. Mimi nikikosa sahihi ya mke au ya mume, ninarudi ofisini bila kupiga picha hata moja ya nyumba ile.