Dagaa Hushiba kwa Chakula Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila giza likiingia hununua dagaa wabichi pwani, na nikiwapasua tumboni huona ujiuji tu, si samaki wala jani. Je, wanakula nini, na kwa nini huifuata taa ya wavuvi? – Msomaji, Kilwa Kivinje

JIBU: Ujiuji huo, ndugu msomaji, kwa sehemu kubwa ni mabaki ya wanyama wadogo wa planktoni, yaani viumbe wanaoelea na kuchukuliwa na maji, na wengi wao ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Kopepodi wa kawaida ana urefu wa takriban milimita 1. Ukichota maji ya bahari usiku kando ya taa, ukayaweka katika bilauri ya kioo, huenda ukawaona kama vijidoa vinavyokwenda kwa kurukaruka.

Kopepodi hula mimea ya planktoni, hasa dayatomu, inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Dayatomu ni ndogo kiasi kwamba samaki wengi hawawezi kuinasa, lakini kopepodi huyavuta maji kwa viungo vilivyo karibu na kinywa chake na kuikamata. Kwa njia hiyo nguvu za jua humfikia dagaa, kisha kibua, nguru na jodari. Kwa makadirio ya kawaida, ni sehemu 1 tu katika 10 ya kinacholiwa hugeuka mwili wa mlaji; kwa hiyo kilo 1 ya nguru aliyelelewa kwa dagaa hudai kilo 10 za dagaa, kilo 100 za kopepodi na kilo 1,000 za mimea hiyo. Ndiyo maana nasikitika kwamba mazungumzo yetu ya kulinda dagaa huishia kwenye matundu ya nyavu, ilhali chakula chao hakitajwi kabisa.

Kuhusu taa: mchana kopepodi wengi hushuka kilindini wasionekane na samaki, na usiku hupanda juu kujilisha. Taa huwavuta baadhi ya wanyama wa planktoni, na dagaa, ambao nao huvutwa na mwanga, hukuta hapo chakula kimekusanyika. Wakati wa mbalamwezi mwanga umetapakaa kote, na taa hupoteza nguvu yake, jambo ambalo wavuvi wenu wanalijua vyema.

Kinyesi cha kopepodi nacho huzama na kuwalisha viumbe wa chini.