Malkia wa chungu ametupa mbawa: je, amepandwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza. Baada ya mvua kubwa ya mwezi uliopita niliokota chungu mkubwa mweusi mwenye mbawa chini ya taa ya nje, nikamweka kwenye tyubu ya maabara yenye maji na pamba. Kesho yake mbawa zilidondoka. Ametaga mara mbili, na mara zote mayai yamepotea. Rafiki yangu anasema mbawa zikidondoka basi ameshapandwa. Ni kweli? Nampa sukari kila siku.

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kapatia nusu. Malkia aliyepandwa hutupa mbawa upesi, lakini hata bikira huweza kuzitupa, hasa akishafungiwa. Na wako ulimkuta bado anazo, chini ya taa. Huenda mwanga ulimvuta kabla hajakutana na dume. Mimi humwamini zaidi yule anayeokotwa akitembea peke yake chini, hana mbawa, anapekua nyufa za udongo.

Mayai nayo si ushahidi. Kwa chungu, kama ilivyo kwa nyuki, yai lisilorutubishwa kwa kawaida hutoa dume. Kwa hiyo bikira anaweza kutaga, mabuu yakanenepa, ukaita majirani waje kuona, kisha wakatoka madume wenye mbawa wasiojua kazi yoyote, na ukoo ukaishia hapo. Aliyepandwa huweka mbegu za kiume kwenye kifuko kidogo ndani ya tumbo, na akiba hiyo humtosha maisha yake yote. Si maisha mafupi: malkia mmoja wa Lasius niger, chungu mweusi wa bustani, aliyefugwa Ulaya alikaribia miaka 29. Utakachosubiri wewe ni wafanyakazi. Wale wa kwanza huwa vibete, hawana mbawa, na kwa joto letu huchukua kama mwezi mmoja hadi miwili na ushee tangu yai, kutegemea aina.

Sasa mayai yaliyopotea: kayala mwenyewe. Malkia akisumbuliwa huona mahali si salama, basi hurudisha chakula tumboni. Na msumbufu ni wewe na sukari yako. Mtazame mgongoni, pale mbawa zilipokuwa. Kama pamevimba na tumbo ni nene, huyo ni wa kujifungia: misuli ya mbawa huyeyuka mwilini na kuwa chakula cha watoto, naye hali kitu mpaka wafanyakazi watoke. Sukari inakuletea ukungu na sisimizi wa jikoni tu. Wapo malkia wa aina nyingine wanaotoka kuwinda wakati wa kulea. Wako akianza kung'ang'ana na pamba siku nzima huku tumbo likinywea, mpe tone la asali na paja la mende, kisha mwache.

Mfunike kwa kitambaa cheusi, mweke ndani ya droo ya kabati. Si juu ya friji wala jirani na spika, mtikisiko anausikia kwa miguu. Usimweke dirishani wala karibu na bati; jua la mchana likiipata ile kioo atachemka. Na ukisoma maelekezo ya Wazungu kwamba malkia alazwe kwenye baridi miezi kadhaa, yapite. Hayo ni ya chungu wa nchi zenye theluji.

Mchungulie mara moja kwa wiki, inatosha. Pamba ikiota ukungu mwingi usimkung'ute. Unganisha mdomo wa tyubu mpya na ule wa zamani, funga kwa utepe, mpya iwe gizani na ya zamani kwenye mwanga. Atahama mwenyewe na mayai yake mdomoni, wakati mwingine baada ya siku kadhaa.

Wakitoka madume watupu, mwachie huyo palepale ulipomwokota, na mvua za vuli zikianza okota wawili watatu wasio na mbawa, kila mmoja na tyubu yake.