Kabla ya Kukata Masikio: Sungura katika Darasa la Chekechea

Mwezi wa Machi unapokwenda ukingoni na Pasaka ikikaribia, kuta za madarasa ya chekechea hapa Pennsylvania, Marekani, hujaa sungura wa karatasi, kwa kuwa huku husemwa kwamba sungura ndiye aletaye mayai ya Pasaka. Mara nyingi ni sungura wale wale: uso wa mviringo, masikio mawili ya waridi, kipande cha pamba mahali pa mkia, wote wametoka katika kiolezo kimoja ambacho mwalimu alikikata usiku uliotangulia huku akipambana na usingizi. Mtoto hupewa gundi na kuonyeshwa mahali pa kubandika, basi. Sina ugomvi na uzuri wa kuta hizo, na wazazi huzipenda sana, lakini kwa miaka niliyofundisha watoto wa miaka 5 na 6 katika jimbo hili nimefikia msimamo mmoja ambao ndio msingi wa ushauri wangu wote: mtoto amtazame sungura kwanza, tena kwa makini, ndipo amtengeneze. Utaratibu huo ukifuatwa, kazi ya mikono huingia yenyewe katika sayansi, hesabu na lugha, wala mwalimu halazimiki kuisukuma.

Kumtazama si jambo gumu huku. Sungura wa mwituni wa mashariki mwa Marekani, mwenye manyoya ya kahawia na mkia ulio mweupe upande wa chini, huishi katika nyasi za nyumba za watu na za viwanja vya shule, na huonekana zaidi alfajiri na jioni. Kwa watoto wasiopata bahati hiyo, tafuta picha kubwa zilizopigwa kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Uongozi wa shule ukikubali, mwalike mzazi mwenye sungura wa kufugwa, ila kwa masharti. Uliza mapema kama kuna mtoto mwenye mzio wa manyoya au wa nyasi kavu. Mgeni akae ndani ya uzio mdogo sakafuni na watoto waketi kuuzunguka, kwa sababu sungura akizungukwa na watu waliosimama huogopa na kuanza kugonga sakafu kwa mguu wa nyuma. Mtoto asimbebe, na mtu yeyote asimshike kwa masikio. Sungura anayerusha mateke akiwa hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Baada ya hapo wote wakanawe mikono kwa sabuni.

Wakati wa kutazama mimi husema machache sana. Huwaomba watoto waniambie walichokiona, si walichokipenda, na majibu yao nayaandika ubaoni kama walivyoyasema. Mtoto mmoja atasema pua haitulii. Mwingine atagundua kwamba sikio moja linageukia mlangoni wakati lingine limebaki lilipokuwa. Mwingine ataona kuwa miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na kwamba sungura akiketi miguu hiyo hukunjika chini yake. Orodha hiyo ya ubaoni ndiyo itakayotumika kukata karatasi, na hapo ndipo kiolezo kinapokosa kazi.

Tuanze na masikio, kwa kuwa ndiyo yanayopendwa kuliko vyote. Kofia ya masikio hutengenezwa kwa utepe wa karatasi ngumu unaozunguka kichwa cha mtoto, na utepe huo ni nafasi nzuri ya kupima: mtoto azungushe uzi kichwani mwa mwenzake, aunyooshe juu ya karatasi, kisha waongeze upana wa vidole viwili kwa ajili ya kubandikia. Masikio yenyewe ayachore kwa mkono wake. Karatasi nyepesi hulegea na kuanguka machoni kabla ya saa ya kwenda nyumbani, kwa hiyo bandika tabaka mbili na katikati yake weka mrija wa kunywea soda au kijiti chembamba. Kofia zikikauka, usiziache ziwe mapambo tu. Mketishe mtoto mmoja katikati ya duara akiwa amefumba macho, mwenzake apige kengele ndogo polepole kutoka pembe yoyote ya darasa, na aliyefumba macho anyooshe kidole kule sauti ilikotoka. Kisha arudie akiwa ameshika faneli mbili za karatasi masikioni. Watoto huona wenyewe faida ya sikio kubwa linaloweza kugeuka, na unaweza kuongeza kwamba sikio hilo, lenye mishipa mingi ya damu, humsaidia pia sungura kupunguza joto la mwili.

Macho huleta mjadala mzuri zaidi. Mtoto aliyezoea kuchora nyuso za watu hubandika macho mawili mbele, karibu na pua. Mrudishe kwenye picha. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa na yamewekwa juu kidogo, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya pua yake. Mtoto akishajua kuwa sungura ni mnyama anayewindwa na mwewe, mbweha na paka, mahali pa macho hapahitaji tena kuelezwa. Mimi hupendekeza sungura atazamwe na kutengenezwa ubavuni, jicho moja likionekana, au atengenezwe kwa mrija wa ndani wa karatasi ya msalani, ambao umbo lake la duara humlazimisha mtoto kuamua jicho la pili likae wapi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote haina pamba wala waridi: ni nyayo. Sungura anaporuka, miguu ya mbele hutangulia kugusa ardhi, mara nyingi mmoja mbele ya mwingine, kisha miguu ya nyuma hupita kando yake na kutua mbele zaidi, ikiwa sambamba. Kwa hiyo katika nyayo za sungura alama kubwa za miguu ya nyuma ziko mbele, na alama ndogo za miguu ya mbele ziko nyuma. Mtu mzima asiyejua jambo hili husoma nyayo hizo kinyumenyume na kuapa kwamba mnyama alikwenda upande aliotoka. Theluji ya mwisho ya Machi, kama ipo, hukupa ukurasa safi wa kusomea. Kama haipo, kata viazi mbatata viwe mihuri ya aina mbili, mirefu kwa miguu ya nyuma na midogo ya duara kwa miguu ya mbele, umimine rangi ya maji iliyo nzito kidogo katika sahani bapa, kisha ukunjue karatasi ndefu ya kufungia vifurushi sakafuni. Kila kikundi kipige mihuri ya safari ya sungura wake: ametoka kichakani, amesimama kula, ameshtuka na kuruka mbali. Kikundi kingine kiisome safari hiyo na kueleza yaliyotokea. Hatua fupi zinamaanisha utulivu, hatua ndefu zinamaanisha mbio. Nimesikia watoto ambao kwa kawaida hawafungui mdomo wakibishana kwa hoja juu ya nyayo hizo, na hasa watoto wa familia za Kikongo zilizohamia huku, wanaozungumza Kiswahili nyumbani na ambao Kiingereza chao bado ni kichanga. Mchoro uko mbele yao, na kidole kinaweza kuanza maelezo kabla ya maneno.

Kuhusu kiota, nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kinagusa usalama wa wanyama halisi. Sungura wa mwituni wa hapa hachimbi shimo refu. Jike huparua kijishimo kifupi katika nyasi, hata katikati ya uwanja wa kuchezea, akakitandika nyasi kavu na manyoya anayoyanyofoa mwilini mwake, kisha akakifunika juu. Watoto wake huzaliwa vipofu na karibu bila manyoya, tofauti na watoto wa sungura wa mbugani wa kwetu Afrika Mashariki, ambao huzaliwa na manyoya na macho yakiwa wazi. Mama hukaa mbali na kiota mchana kutwa ili asiwaonyeshe adui mahali walipo, na hurudi kunyonyesha kwa muda mfupi tu, giza linapoingia au kabla ya kupambazuka. Kila mwaka kuna mtu mwema anayevikuta vitoto hivyo peke yake, akadhani ni yatima na kuvibeba kwenda navyo nyumbani, ambako vingi hufa.

Darasani, mpe kila mtoto bakuli la karatasi, nyasi kavu, pamba na udongo wa kufinyangia, naye ajenge kiota chenye watoto wadogo wasio na manyoya, kisha akifiche kiasi kwamba mwenzake hawezi kukiona akiwa amesimama. Wafundishe pia mbinu wanayoitumia watu wanaotunza wanyama wa porini: kiota kikishukiwa kuwa kimeachwa, huwekwa nyuzi chache zilizopishana juu ya nyasi zinazokifunika, bila kuvigusa vitoto, na asubuhi hutazamwa. Nyuzi zikiwa zimesogezwa, mama amekuja. Tumewahi kukuta kiota ukingoni mwa uwanja wa shule yetu, na wakati huo watoto ndio waliokuwa wakiwazuia watu wazima wasikikaribie.

Hesabu haihitaji maelezo mengi. Chora mstari sakafuni, kila mtoto aruke miguu ikiwa pamoja, ukate uzi sawa na urefu wa mruko wake, na nyuzi zote zitundikwe ukutani kuanzia fupi hadi ndefu. Hiyo ni grafu tayari. Kwa wakubwa wa darasa la nne au la tano kuna fumbo maarufu la Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, aliyelitoa mwaka 1202: jozi moja ya sungura huzaa jozi mpya kila mwezi, na kila jozi mpya huanza kuzaa katika mwezi wake wa pili, je, baada ya mwaka zitakuwa jozi ngapi, ikiwa hakuna anayekufa? Wapange kwa vifungo vya nguo: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Wengi hugundua wenyewe kwamba kila idadi ni jumla ya mbili zilizoitangulia, na wenye subira hufika 377.

Mayai ya Pasaka yanahitaji busara. Darasani mwangu wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Waislamu, na watoto ambao familia zao hazisherehekei sikukuu yoyote. Sungura ni mnyama wa majira haya na ni wa wote. Sungura anayeleta mayai ni desturi ya Wajerumani, na naifundisha kama historia ya jimbo hili. Maandishi ya daktari Mjerumani Georg Franck von Franckenau ya mwaka 1682 yanaitaja desturi hiyo, na wahamiaji wa Kijerumani waliileta Pennsylvania katika karne ya 18. Uko mchoro wa mnamo mwaka 1800, wa sungura anayeruka na kikapu cha mayai, unaohusishwa na Johann Conrad Gilbert, mhamiaji aliyekuwa mwalimu wa shule hapa Pennsylvania. Leo unahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Winterthur, jimboni Delaware. Huwaonyesha watoto nakala yake na kuwaambia kwamba walimu wamekuwa wakihangaika na sungura wa karatasi tangu zamani hizo. Hakuna anayelazimika kupaka yai rangi.

Kwa upande wa hadithi, sisi tunaozungumza Kiswahili tuna hazina ya kuchangia. Mwombe mzazi au bibi aje asimulie kisa cha Sungura mjanja kwa lugha anayoiweza, wewe ukitafsiri au mtoto wake akitafsiri, na darasa zima lifundishwe kuitikia “Hadithi njoo.” Visa hivi si vigeni kwa Marekani: Waafrika waliouzwa utumwani walivuka bahari navyo, na kusini mwa nchi hii vikazaa visa vya Brer Rabbit, yaani Ndugu Sungura, mjanja kama huyu wetu. Mifuko ya karatasi ya kubebea chakula hufaa sana kwa vikaragosi, kwani mkunjo wa chini ya mfuko hugeuka mdomo. Meno yasisahauliwe, watoto hupenda kusikia kwamba yanaendelea kuota maisha yote, na kwamba kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza.

Hapo ndipo nafasi ya kuondoa imani kwamba sungura huishi kwa karoti. Chakula kikuu cha sungura ni nyasi, na karoti, kwa sukari iliyonayo, ni kitu cha kuonjeshwa mara chache. Badala ya kutengeneza bustani ya karoti za karatasi, panda ngano katika vikombe vyenye udongo karibu na dirisha. Huota baada ya siku chache, watoto hupima urefu wake kwa rula kila asubuhi, na ikifikia kimo cha mkono hupelekewa sungura yule aliyetutembelea, ikiwa haikupuliziwa dawa yoyote. Wazazi wapelekewe barua fupi kuwa sungura wa kufugwa huweza kuishi miaka 8 hadi 12, maana baada ya shughuli hizi baadhi ya watoto huomba wanunuliwe mmoja, na madukani huuzwa wengi karibu na Pasaka.

Ikiwa una wiki moja tu, acha kofia na vikaragosi, ufanye kutazama, nyayo na kiota, kwa utaratibu huo. Vifaa vyake ni viazi, rangi, karatasi ndefu, nyasi kavu na pamba, na gharama kubwa kuliko zote huwa ni sabuni ya kufulia aproni.