Kile kibati kinachopiga kelele chini ya gari, usikitupe

Yakhe nianze kwa kukiri ujinga wangu. Buti moja ya sivi jointi, yaani ule mpira wa mikunjo unaofunika kiungo cha shafti ya gurudumu na kushika grisi yake, nimeibadilisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na sio buti tofauti, ni ileile, ya mbele kulia ya ndani, ile inayokaa karibu na gia boksi. Ya kwanza ilipokufa nikasema gari limezeeka. Ya pili nikamfuata muuza spea hadi dukani nikamtolea maneno mbele ya wateja wake, na masikini hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kibati.

Gari langu ni Subaru ya turbo, ya zamani kidogo, na kama unayo unajua egzosi yake, lile bomba la moshi, inashuka upande wa kulia inapita jirani kabisa na draivu shafti, ile inayozungusha gurudumu. Kiwandani wameweka kibati katikati, mafundi wanakiita hit shildi, yaani kinga ya joto. Sasa huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi, na mimi naishi Likoni kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kila siku feri kwenda na feri kurudi, bolti za kile kibati zikaliwa na kutu hadi moja ikakatika, kikawa kinapiga krrrrr kila nikisimama na gia iko D. Kelele ya kuaibisha, watu kwenye foleni wanageuka kuangalia. Nikapeleka kwa fundi mmoja, simtaji kwa sababu bado tunaamkiana, akaingia uvunguni dakika mbili akatoka nacho mkononi, "hiki hakina kazi bosi, ni cha kuzuia nyasi zisishike moto," akakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kelele ikaisha. Nikampa mia mbili nikaondoka nacheka.

Miezi kama minne ikapita. Siku hiyo tunatoka kwa wakwe Kaloleni, tumeteremka Mazeras moja kwa moja hadi foleni ya feri, jua linazama, hakuna hata upepo. Mke wangu akaniuliza, "nani anaunguza mafuta?" Nikamwambia ni ile matatu ya mbele. Matatu ikaingia feri, ikaenda zake, harufu ikabaki nasi.

Kufika nyumbani nikainama na tochi ya simu. Egzosi imepakwa madude meusi kama lami yanatoa kimoshi, na ile buti imepasuka kwenye mkunjo wa pili, mzunguko mzima. Asubuhi ilipopoa nikaivuta kwa vidole, haikuwa mpira tena ile, ilikatika ka! kama kachiri za muhogo. Ile nyeusi ni grisi ya sivi jointi, inakuwa nyeusi kwa ajili ya molibdenamu iliyotiwa ndani, buti ikipasuka shafti ikizunguka inaitupa nje yote na sehemu ya kwanza inayopokea ni egzosi yenyewe. Kwa hiyo ukisikia harufu ya kuungua ukisimama usikimbilie kusema oili inavuja juu kwenye kava ya injini, chungulia na chini.

Fundi akaweka buti mpya. Buti tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini upande wa kushoto buti ni ya tangu gari lilipoingia nchini na bado laini. Hata mimi sikuuliza. Ya pili ikaisha hata haikufika miezi mitano.

Mara ya tatu ndio nikapelekwa kwa ami mmoja Kisauni, mzee, gereji yake mwembe na jeki mbili. Hakushika spana. Alilala chini kwenye boksi, akanyamaza, kisha nasikia sauti kutoka uvunguni, "mwanangu, kibati chako kiko wapi?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

Alinifafanulia kwa mishkaki. Ukisimama mbele ya jiko la mishkaki hujagusa makaa lakini uso unakuchoma, si ndio? Joto linaruka lenyewe. Sasa weka sinia katikati, uso unapoa hapo hapo, ingawa makaa ni yaleyale. Lakini ukilishika lile sinia likugande mwilini litakuunguza vilevile, kwa hiyo kazi haifanywi na bati peke yake, ni bati pamoja na ile hewa iliyoachwa pande zote mbili. Tangu siku hiyo kila nikichungulia chini ya gari naangalia nafasi kwanza, vitu baadaye.

Na joto lenyewe si la mchezo. Katalitiki, ile sehemu ya egzosi inayosafisha moshi, ili ifanye kazi vizuri inataka nyuzi 400 kwenda juu, ukilikanyaga gari mlimani inaweza kukaribia 800. Buti ya mpira wa kawaida ikizidi nyuzi 120 hivi kwa muda mrefu inaanza kukauka. Gari likienda upepo unasaidia kupooza, sasa wewe umetoka barabara kuu mbio halafu unasimama ghafla kwenye foleni na bomba bado la moto, lile joto lote linakaa hapo hapo chini linapika. Siku hizi nikitoka mbali kilomita za mwisho naenda taratibu, na foleni ikiganda nazima injini.

Haya, kibati. Kama bado unacho na kinalia, usikubali king'olewe. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, ni tundu la bolti tu limeliwa likawa pana kuliko kichwa cha bolti. Weka wesha pana, zile kubwa, kisha bolti ya stenlesi, na kama pa kufungia pamekwisha kabisa tafuta klipu ndefu ya chuma ya kuzungusha ukikaze nayo kwenye bomba. Dakika kumi. Mimi nimefunga klipu mbili kwa sababu siamini moja.

Kama ulishakitupa kama mimi, tafuta cha mtumba kwa wauza spea za Japani, ndio bora kwa sababu kimekunjwa kwa umbo lake. Nilikosa, ami akanikatia cha alumini nene, akakiacha mbali na bomba kama unene wa kidole gumba na mbali na buti vilevile, akazungusha shafti kwa mkono kuona hakigusi. Nilitaka kumletea kipande cha bati la paa lililobaki nyumbani, akakataa katakata. Mabati ya paa yamepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwa nyuzi 419, na ikizidiwa na joto inaweza kutoa moshi mbaya wa kuvuta. Alumini nayo inayeyuka, ila ni mpaka 660, na iko mbali na bomba haifiki huko.

Kuna vijana wanapenda kuzungushia egzosi ule utepe wa kukinga joto, unapendeza kwenye picha. Kwa mtu wa bara labda. Huku Mombasa ule utepe unashika unyevu na chumvi, bomba likiwa la chuma cha kawaida linaoza ndani kwa ndani huoni, unakuja kujua siku limekatika.

Sasa usije ukarudisha kibati ukasahau chanzo. Injini ikimisi, yaani silinda moja haichomi vizuri kwa koili mbovu au plagi, petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya katalitiki na inaweza kuwa nyekundu kabisa usiku ukiangalia. Ile taa ya injini ikiwa inapepesa, sio kuwaka tu, inapepesa, ndiyo hiyo inakwambia, na mimi niliendesha nayo wiki mbili nangoja mshahara. Gasketi ya egzosi ikivuja nayo ni hatari zaidi maana inapuliza moto kama tochi ya gesi mahali pamoja, utasikia tik tik tik asubuhi injini ikiwa baridi na utaona masizi meusi kwenye kiungo. Maunti za injini, ile mipira inayoibeba, zikichoka injini inakaa chini na ile nafasi inapungua. Na wale wa kuchomelea egzosi, ukiwapelekea bomba simama hapo hapo, wao wanakunja linapopita rahisi, hawana habari na shafti yako.

Wenye gari za kuvuta nyuma au fobai, za kuvuta magurudumu yote manne, nyie angalieni propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma. Ile ndefu ya vipande viwili ina beringi katikati iliyoshikwa na mpira, na egzosi mara nyingi inapita pembeni yake. Mpira huo ukikauka utasikia mtikisiko chini ya kiti ukianza kuondoka.

Kwenye kununua buti, ile ya kupasuliwa ya kubandika na gundi usiiweke upande wa egzosi hata kama inakuokolea kazi ya kutoa shafti. Ukipata ya silikoni kwa ile ya ndani chukua, inavumilia joto zaidi. Na grisi iwe ile ya sivi jointi, sio ile nyekundu ya beringi za magurudumu ambayo fundi anayo kwenye kopo tangu zamani.

Ukichelewa, jointi ya nje inagonga ka-ka-ka ukikata kona, ya ndani haigongi sana ila ukikanyaga mafuta mlimani gari linatetemeka, ukiachia linatulia. Yangu ilikuwa imeanza kutetemeka pale Mazeras nikasema ni matairi. Ami aliiosha kwa petroli akanionyesha alama, nikipitisha ukucha unakwama, akasema jointi bado itasukuma siku kidogo.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Juzi nimepiga jeki nikaweka stendi nikaingia, nikaibonyeza buti, bado laini. Klipu moja ya kibati imeshaanza kutu.