Wa meza za parachichi Tukuyu: usikate chuma kabla hujapima viwiko

Mkuu, simama hapo hapo. Unataka kutengeneza meza 30 za kuchambulia parachichi, unauliza programu ipi ya mdoli wa kompyuta (lile umbo la mtu la kujaribishia mchoro kwenye skrini) ni nzuri na laptopu iwe na uwezo gani, halafu unaandika kwamba mdoli aliyekuja na programu "anatosha". Huyo mdoli ndiye aliyenimaliza mimi.

Nilipata tenda Njombe, meza 24. Aliyeniuzia programu aliniambia kwa kujiamini, "Kaka, binadamu ni binadamu, weka yule wa kati, chora." Nikaweka. Meza ikasimama sentimeta 105, kwenye skrini mkono umetulia kabisa. Nikakata, nikachomelea, nikapaka rangi, nikapakia kwenye Fuso.

Siku ya kwanza ya kazi, saa nne haijafika, mama mmoja akageuza kreti akapanda juu yake. Wenzake wakafuata. Waliobaki chini walichambua mabega yamepanda hadi masikioni. Dada mmoja akaniuliza, "Fundi, hizi meza umemtengenezea nani?" Nikatoa futi. Kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, na gambuti amevaa: sentimeta 97.

Usiku ule nikafungua maelezo ya mdoli. Vipimo vya wanajeshi wa Marekani, tena wanaume! Miguu yote 96 niliishusha kwa grenda, sentimeta 17 kila mmoja, kwa hela yangu, na malipo yakacheleweshwa. Yule muuzaji hadi leo hapokei simu.

Na asikudanganye mtu kwamba mambo haya hayana utaratibu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15536 kinahusu midoli hii hii: sehemu ya kwanza ni ya 2005, ya pili ya 2007 inaeleza namna ya kuhakiki kama vipimo vyake ni vya kweli. ISO 7250 inaeleza kila kipimo cha mwili kinachukuliwaje. Muuzaji akishindwa kukuonyesha mdoli wake katokana na miili ya nani, ondoka dukani. Na huyo "wa kati" hayupo duniani: mwaka 1952 Gilbert Daniels alilinganisha marubani 4,063 wa jeshi la anga la Marekani kwa vipimo 10, hakupata hata mmoja aliyekuwa wa kati kwa vyote.

Kwa hiyo nenda kwa akina mama watakaosimama pale. Pima 20, wafupi kwa warefu, wakiwa na gambuti zao, maana vipimo vya vitabuni huchukuliwa miguu mitupu. Mkono ukunjwe, upime sakafu hadi chini ya kiwiko. Namba hizo ndizo umpe mdoli, na uso wa meza ukae chini ya kiwiko. Miguu ya meza itoboe matundu ya bolti ili ipande na kushuka. Mimi sikufanya hivyo.

Ukishapima, weka namba hapa nizione kabla hujaenda kununua skwea paipu.